Mkandarasi kaandika 100MBps, kafunga 100Mbps, sasa anataka tumlipe tena. Wakuu hii ni haki?

Wakuu salaam. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za vifurushi vya simu, hili ni jambo jingine kabisa na linahusu hela nyingi.

Nasimamia kompyuta na mitambo ya studio moja ya video hapa Mwanza, pande za Kirumba. Kazi zetu ni harusi, sendofu, misiba mikubwa, vitu hivyo. Studio iko chini barabarani, chumba cha kuhariri na seva viko jengo la juu mlimani. Mawe ya Kirumba mnayajua, kuchimba mtaro pale ni kutafuta umaskini, kwa hiyo bosi akaamua faiba ipite juu. Mkandarasi akaja, akapima, akaleta profoma na mpango wenye mhuri. Mimi nimeajiriwa kazi ikiwa imeshakabidhiwa na hela imeshaliwa.

Kwenye mpango kuna mstari mmoja ambao kila nikiusoma damu inachemka. Faili za harusi moja GB 300, kasi ya laini 100MBps, muda wa kuhamisha dakika 50. B kubwa. Yaani megabaiti 100 kila sekunde, elfu tatu za sekunde, umemaliza. Bosi akapanga ratiba nzima ya usiku kwa hesabu hiyo: vijana wakitoka ukumbini saa 7 usiku, saa 8 mhariri awe na kila kitu mezani.

Kazi ya kwanza kubwa ikafika asubuhi saa 2. Mhariri amekesha anaangalia mstari wa kijani unatambaa, na mteja alishaahidiwa kipande cha kuonyesha ndugu kabla hawajasafiri kurudi kwao.

Nikapanda kuangalia vile viboksi vya kubadilisha mwanga wa faiba kuwa waya wa kawaida, midia konveta. Kibandiko cha chini kinasema 10/100. Hizo ni megabiti. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo megabiti 100 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, basi. GB 300 zidisha kwa 8 unapata gigabiti 2,400, gawanya kwa megabiti 100 kwa sekunde: sekunde 24,000. Saa 6 na dakika 40. Halafu si biti zote zinazopita kwenye laini ni za faili lako. Data inasafiri kwa vipande vidogo, pakiti, na kila pakiti inabeba anwani na vichwa vyake, na kwa pakiti za kawaida za baiti 1,500 inayobaki kwa faili ni kama asilimia 95. Ndiyo hizo saa 7 alizokesha mhariri. Hakuna uchawi wala "mtandao uko chini". Ni mgawanyo wa nane ambao mtu aliyelipwa kupanga hakuufanya.

Nimempigia. Majibu yake ndiyo yamenifanya nifungue uzi huu. Anasema eti waya uliovutwa ni "waya wa 100", tukitaka kasi zaidi anavuta faiba mpya, na ameshatuma profoma ya pili! Wakuu, faiba ile ni singo modi, uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga kwa njia moja tu. Kioo hakina namba ya kasi. Uzi huohuo, kwa umbali ule mfupi, unapitisha gigabiti 1, unapitisha gigabiti 10, kinachobadilika ni vifaa vya huku na huku. Anataka kumtoza mtu kuvuta upya kitu ambacho hakina kasoro yoyote.

Na akamtuma fundi wake kuja kutuaminisha kwamba faiba "inavujisha data". Ushahidi wake? Mac ya studio inaonyesha folda ni GB 300, seva yetu ya Windows inaonyesha 279. Bosi akashtuka kweli. Nikamwonyesha idadi ya baiti pande zote mbili, ni ileile mpaka tarakimu ya mwisho. Mac inahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024 na bado inaandika GB. Majina ya kutenganisha hesabu hizo mbili, kibibaiti, mebibaiti na wenzao, yalipitishwa na IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme na elektroniki, tangu 1998. Kasi za mtandao siku zote ni za 1,000. Mtu anayeuza faiba asipolijua hilo anauza nini? Na kama analijua, basi ni wizi wa mchana kweupe.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize, hasa mafundi wenzangu. Karatasi aliyosaini inasema 100MBps. Hiyo ni megabiti 800. Hakuna kifaa cha 10/100 kinachofika huko. Kinachofika ni cha gigabiti 1, ambacho ukitoa vile vichwa vya pakiti kinakupa karibu megabaiti 118 kwa sekunde, na GB 300 zinapita kwa dakika 42 au 43. Kwa hiyo kwa maandishi yake mwenyewe huyu bwana anadaiwa konveta mbili za gigabiti, juu na chini kwa pamoja maana ya 100 na ya 1,000 haziongei, na swichi ya gigabiti, kile kiboksi cha kuunganisha kompyuta, badala ya ile ya studio aliyoifunga yenye milango ya 100. Seva na kompyuta zetu tayari ni za gigabiti. Hatudai waya. Hatudai msaada. Tunadai alichoandika.

Na akisema alikusudia b ndogo, basi aeleze zile dakika 50 zilitoka wapi. Haziwezi kutoka kwenye megabiti 100 kwa hesabu yoyote ile.

Barua ya madai nimeshaiandika, bosi anasaini kesho. Kama kuna mdau amewahi kumbana mkandarasi kwa tofauti ya kilichoandikwa na kilichofungwa, aniambie alianzia wapi na alishikilia kipengele gani.