Naomba ushauri: ujazo wa moli moja ya gesi unanitokea lita 28.5 badala ya 22.4, nimekosea wapi kwenye mgandamizo?

Mwalimu wa Kemia, Mbeya

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninafundisha kemia katika shule ya sekondari hapa Mbeya, na nimekwama kwenye jaribio ambalo nilidhani ni jepesi. Wanafunzi wa kidato cha tano walipima utepe wa magnesi wenye gramu 0.036, wakauzungushia waya mwembamba wa shaba ili usielee, kisha wakauweka mdomoni mwa bureti (mrija wa kioo wenye alama za ujazo) iliyojazwa asidi ya haidrokloriki na maji, wakaigeuza juu chini ndani ya bika. Utepe ulipokwisha wote, walisoma sentimita za ujazo 45.5 za gesi ya haidrojeni. Jotoridi la maji lilikuwa nyuzi 22 za Selsiasi.

Kwa kuwa hatuna baromita, yaani kipima mgandamizo wa hewa, nilifungua programu ya hali ya hewa kwenye simu, ikaonyesha mgandamizo wa hewa wa hektopaskali 1,016. Tukazibadili kuwa kilopaskali 101.6, yaani milimita 762 za zebaki. Gramu 0.036 za magnesi ni moli 0.00148 (moli ni kizio cha kuhesabia chembe), na kila moli ya magnesi hutoa moli moja ya haidrojeni, kwa hiyo tulipourudisha ujazo kwenye nyuzi 0 na milimita 760 tulitarajia kupata karibu lita 22.4 kwa moli kama kitabu kinavyosema. Tumepata lita 28.5. Tumerudia hesabu kwa paskali, kwa milimita za zebaki na kwa angahewa, na jibu halibadiliki. Mwanafunzi mmoja ameniuliza kama kitabu kimekosea, nami sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Naomba mnisaidie kuona kosa liko wapi katika ubadilishaji wa vizio.

Fundi Maabara

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Ikiwa vizio vitatu tofauti vinakupa jibu lilelile, basi ubadilishaji wako ni sahihi na kosa limo katika namba uliyoanza nayo. Kubadili vizio ni kama kuhesabu fedha zilezile kwa noti au kwa sarafu: kama zilikuwa pungufu tangu mwanzo, zitabaki pungufu.

Nina maswali mawili. La kwanza, je, mlitoa mgandamizo wa mvuke wa maji? Gesi inayokusanywa juu ya maji si haidrojeni tupu, kwani imechanganyika na mvuke, na kwa nyuzi 22 mvuke huo una mgandamizo wa milimita 19.8 za zebaki, sawa na kilopaskali 2.64. Hapa Dar es Salaam, ambako maji ya maabara hufika nyuzi 30, inatubidi kutoa milimita 31.8, na mwanafunzi anayesahau hilo hukosea kwa zaidi ya asilimia nne. La pili, je, usawa wa maji ndani ya bureti ulilingana na usawa wa maji ya nje wakati wa kusoma?

Hata hivyo, nimepiga hesabu yako upya kwa kutoa mvuke, nikapata lita 27.8. Kwa hiyo mvuke unaeleza sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo, na bado ninaitilia shaka ile 1,016.

Mpima Hali ya Hewa

Fundi ana haki ya kuitilia shaka. Nimefanya kazi ya kusoma baromita kwa miaka mingi, na swali hili nimelisikia kutoka kwa walimu wa Mbeya, Njombe na Arusha, lakini sijawahi kulisikia kutoka kwa mwalimu wa Tanga au Mtwara.

Namba inayoonyeshwa na programu nyingi za simu si mgandamizo wa hewa ya mahali ulipo. Ni mgandamizo ambao ungekuwapo endapo mahali pako pangeshushwa hadi usawa wa bahari. Wataalamu wa hali ya hewa hufanya masahihisho hayo kwa sababu nzuri kabisa: pasipo kuyafanya, ramani ya mgandamizo ingechora milima badala ya kuonyesha mifumo ya hewa, na Mbeya ingeonekana daima kama eneo la mgandamizo mdogo mbele ya Dar es Salaam. Gesi iliyomo ndani ya bureti yako, hata hivyo, haijui lolote kuhusu usawa wa bahari. Inasukumwa na hewa iliyopo juu ya meza yako, mita 1,700 hivi kutoka usawa huo, na hewa hiyo ina mgandamizo wa karibu hektopaskali 830.

Ushauri wangu ni kwamba uende kwenye kituo cha hali ya hewa kilicho karibu nawe ukaombe mgandamizo wa kituoni, na useme waziwazi kwamba hutaki ule uliorekebishwa kwenda usawa wa bahari. Uliza pia mwinuko wa kituo. Katika nyanda zenu mgandamizo hupungua kwa takribani hektopaskali moja kila unapopanda mita kumi, hivyo kama shule iko kilimani kuliko kituo, itakubidi kutoa tofauti hiyo.

Mwanachuo wa Ualimu

Samahani kwa kuingilia. Katika mitihani tuliyofanya sisi, maswali mengi yalitaja milimita 760 na hatukuhangaika. Je, si rahisi zaidi mwalimu akawaambia wanafunzi watumie 760 wakati wote, halafu akaeleza kwamba tofauti imetokana na makosa ya majaribio? Nahofia kwamba mambo ya mwinuko na vituo yatawachanganya kabla hawajazoea hata kubadili vizio.

Mkufunzi wa Kemia

Ndugu mwanachuo, nakuelewa, lakini naomba usiwafundishe hivyo. Tofauti ya asilimia 27 ikiitwa makosa ya majaribio, mwanafunzi atajifunza kwamba kipimo chochote kinaweza kusamehewa, na hilo litamsumbua maisha yake yote ya kisayansi. Milimita 760 ni namba ya makubaliano, wala haikupimwa darasani kwa mtu yeyote. Angahewa moja imefafanuliwa kuwa paskali 101,325 kamili, na kizio kinachoitwa tori, kilichopewa jina la Torricelli, ni sehemu moja ya 760 ya kiasi hicho.

Asili yake ni jaribio la Italia la mwaka 1643, ambapo mrija wa kioo uliojaa zebaki uligeuzwa ndani ya bakuli la zebaki, na safu ikashuka hadi kubaki na urefu wa karibu sentimita 76. Miaka mitano baadaye, mwaka 1648, Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme huko Ufaransa na mrija kama huo kwa ombi la shemeji yake, Blaise Pascal, na safu ya zebaki ikawa fupi kileleni kuliko ilivyokuwa bondeni. Kwa maneno mengine, lililompata mwalimu wetu Mbeya ni jaribio la Périer lililojirudia bila kukusudiwa, na mimi ningelitumia kama somo lenyewe.

Ukitaka wanafunzi waelewe 760 inakotoka, wape hesabu hii badala ya jedwali la kukariri. Zebaki ina kilogramu 13,595 kwa mita moja ya ujazo, mvutano wa dunia ni 9.80665, na urefu ni mita 0.760. Wakizidisha namba hizo tatu watapata karibu paskali 101,325. Wakiweka maji badala ya zebaki, watagundua kwamba safu ingehitaji mita 10.3, yaani urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, na hapo wataona wenyewe kwa nini zebaki ilichaguliwa.

Nina mambo mengine mawili. Thamani ya R, ile namba isiyobadilika katika kanuni ya gesi PV = nRT, ndiyo inayowaangusha wengi: kwa kilopaskali na lita tumia 8.314, kwa angahewa na lita tumia 0.0821, na kwa milimita za zebaki na lita tumia 62.4. Nimesahihisha madaftari mengi ambamo 8.314 imekutanishwa na milimita za zebaki, na jibu linakosea kwa mara saba na nusu. Pili, tangu mwaka 1982 umoja wa kimataifa wa wanakemia ulihamishia mgandamizo sanifu kwenye paskali 100,000, hivyo vitabu vinavyofuata utaratibu huo vinataja lita 22.7 kwa moli. Lita 22.4 ni za angahewa moja. Kabla ya kulinganisha majibu, hakikisheni mnalinganisha na kipi.

Fundi Maabara

Naongezea kuhusu vifaa, maana swali la baromita limenigusa. Tafadhali msitafute zebaki kwa ajili ya kutengeneza manometa, yaani mrija wa kupimia tofauti ya mgandamizo. Mvuke wake ni sumu, hauonekani wala haunuki, na tone likianguka kwenye nyufa za sakafu ya maabara litaendelea kutoa mvuke kwa miaka.

Kwa tofauti ndogo za mgandamizo, maji yanatosha na tena yanaonyesha vizuri zaidi. Chukueni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule ambao mafundi ujenzi husawazishia msingi, mkunje umbo la U kwenye ubao, muweke maji yenye rangi ya chakula na kubandika karatasi ya milimita nyuma yake. Upande mmoja uunganishwe na chupa ya gesi, wa pili ubaki wazi. Kwa kuwa zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, kila milimita 13.6 za maji ni sawa na milimita moja ya zebaki. Maji yakipishana kwa milimita 136, tofauti ni milimita 10 za zebaki, sawa na kilopaskali 1.33.

Kumbukeni tu kwamba manometa ya namna hii inapima tofauti kati ya gesi na hewa ya nje. Ni sawa na geji ya mafundi wa matairi: ikisoma pauni 30 kwa inchi ya mraba, hiyo ni kilopaskali 207 juu ya hewa iliyopo. Mgandamizo kamili ndani ya tairi hilo ni takribani kilopaskali 290 likiwa Mbeya, na 308 likiwa Dar es Salaam. Hesabu za gesi zinahitaji mgandamizo kamili, kwa hiyo bado mtahitaji ile namba ya kituoni.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, ipo njia ya kuhakiki namba ya kituoni bila kununua chochote. Sisi wa nyanda za juu tunajua maharage hukawia kuiva huku, na sababu yake ndiyo hiyohiyo: maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na wa hewa. Chemsha maji yaliyosafishwa, ning'iniza kipimajoto ndani ya mvuke juu tu ya maji bila kugusa chombo, subiri kitulie, kisha soma kwa jicho lililo sawa na alama. Jedwali la mvuke wa maji linaonyesha kilopaskali 81.5 kwa nyuzi 94 na 84.6 kwa nyuzi 95. Mpelelezi Mwingereza John Speke alikadiria mwinuko wa maziwa yetu makuu kwa njia hii katika karne ya 19. Usitegemee usahihi mkubwa, kwa sababu nusu nyuzi tu ni kilopaskali moja na nusu, lakini itakuonyesha kama umekosea kwa kilopaskali kumi na nane.

Mwalimu wa Kemia, Mbeya

Mzee wetu, shikamoo, na ninyi nyote asanteni sana. Nimerudi na majibu.

Kituoni walinipokea vizuri na kunipa hektopaskali 835. Shule yetu iko mita 40 hivi juu ya kituo, kwa hiyo nimetoa 4 na kubaki na 831, sawa na milimita 623.3 za zebaki. Leo asubuhi tumechemsha maji, na kipimajoto kimetulia katikati ya 94 na 95. Wanafunzi walikuwa wamezoea kuandika 100 bila kutazama, na wawili kati yao walidhani kipimajoto ni kibovu mpaka tulipobadilisha kingine na kuona kitu kilekile.

Baada ya kutoa milimita 19.8 za mvuke, haidrojeni inabaki na milimita 603.5. Kwa ujazo uleule wa sentimita 45.5, sasa tunapata lita 22.6 kwa moli, tofauti isiyofika asilimia moja. Nimemwita yule mwanafunzi aliyeuliza kuhusu kitabu na kumwonyesha hesabu zote mbili kwenye daftari moja.

Limebaki jambo moja. Kundi la pili lina sentimita 45.8 kwa gramu zilezile na jotoridi lilelile, na linapata 22.7. Wao hawakuweza kusawazisha maji kwa sababu bika lao ni fupi. Maji ndani ya bureti yalibaki sentimita 9 juu ya maji ya nje. Je, nitoe au niongeze?

Fundi Maabara

Toa, mwalimu. Maji yakiwa juu zaidi ndani, maana yake hewa ya nje inaishinda gesi, na safu hiyo ya maji ndiyo inayojaza pengo. Milimita 90 ukizigawa kwa 13.6 ni milimita 6.6 za zebaki, hivyo haidrojeni yao ina 596.9 badala ya 603.5, na jibu lao litashuka hadi lita 22.5. Wakati mwingine tumia ndoo ndefu au silinda kubwa ya kupimia ili bureti iweze kushushwa hadi maji yalingane.