Mrejesho: ile Corolla 110 iliyokuwa inamwaga oili ya gia boksi

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuwepo, niliuliza kuhusu Corolla yangu ya 1998, otomatiki, kila asubuhi nakuta doa jekundu chini na fundi alishaniambia gia boksi ishushwe, laki nne na nusu ya ufundi tu. Nikagoma kwanza.

Basi nikafuata ushauri wa yule aliyesema nioshe chini kwanza, nikaosha na dizeli na brashi, nikakausha, nikapaka poda ya mtoto kuzunguka sampu yote (lile bakuli la oili chini ya gia boksi) ili oili ikivuja ionekane (wife akauliza hiyo poda inaenda wapi mi kimya) halafu nikazunguka mtaani kama dakika ishirini hivi. Kurudi, sampu yenyewe poda kavu kabisa kwa nyuma, ila mbele kuna mstari mwekundu unatokea juu, nikaufuata na tochi mpaka kwenye mpira wa kupoza oili unaoingia chini ya rejeta. Umekauka kama mti, una nyufa, klampu inazunguka kwa vidole! Kumbe upepo ulikuwa unairusha oili nyuma ndo maana kila mtu anadhani ni sampu inayovuja.

Nimeweka mpira mpya wa oili, sio ule wa maji, klampu mbili, na nikaongeza ATF (hiyo oili nyekundu ya gia boksi otomatiki) kidogo kidogo huku napima injini ikiwa inawaka na ya moto. Siku ya tisa leo, boksi la karatasi nililotandika chini ya gari bado kavu.