Leza za Sikukuu na Ndege Zinazotua
(Kikundi cha jirani, Kiembesamaki, Zanzibar, karibu na uwanja wa ndege, usiku wa sikukuu ya pili)

Mama Ilham, 20:11
Assalamu alaykum jirani zangu. Kuna watoto juu ya dari ya ile nyumba inayojengwa, nyuma ya duka la mkaa. Wana leza za kijani, vile vitochi vya mwale mwembamba, na wanazimulikia ndege zinazokuja kutua. Nimewakemea wakazima, nilipoingia ndani wakawasha tena. Wenye watoto tafadhalini waiteni.

Baba Sabri, 20:13
Waalaykum salaam. Wangu nadhani yumo, ameaga anakwenda kucheza. Lakini Mama Ilham, hivyo si vichezeo tu vya sikukuu? Kiwanja cha sikukuu Mnazi Mmoja vinauzwa, vimetandazwa chini kila hatua. Kitu kinachotumia betri mbili za saa kitaifanya nini ndege?

Bi Zuwena, 20:14
Hata mie najiuliza. Ndege yenyewe ina mataa makubwa namna ile.

Mama Ilham, 20:15
Utaalamu sina Bi Zuwena, ila nimeona kwa macho yangu. Ile ilopita baada ya Isha, kijani imetembea tumboni mpaka kichwani. Inafika.

Mzee Suleiman, 20:16
Inafika, tena inafika vizuri sana. Baba Sabri, mwite mtoto kwanza halafu tuzungumze.

Baba Sabri, 20:17
Nimemtuma kaka yake, Mzee.

Mzee Suleiman, 20:26
Ahsante. Wengi wenu mnajua kazi yangu ilikuwa mnarani, kuongoza ndege, mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho.

Leza ikitoka mkononi mwa mtoto ina upana wa milimita moja au mbili. Haibaki hivyo. Kadiri inavyokwenda mbali inatanuka. Kwa kalamu za leza za kawaida, ikifika kilomita moja ina upana wa mita moja hivi, kilomita tatu ina mita tatu. Kwa hiyo rubani haoni kijinukta kama mnachokiona nyie ukutani. Kioo chake chote cha mbele kinajaa kijani kwa mara moja. Na kioo cha ndege, hata kikisafishwa vipi, kina mikwaruzo midogo isiyoonekana, kila mmoja unautawanya ule mwanga ndani. Nyie mnaoendesha usiku, kumbukeni gari ya mbele inapokuwashia taa kali na kioo chako kina vumbi la barabara ya Fumba. Ndivyo hivyo, ila rubani hana pembeni pa kusimama.

Tena mkono wa mtoto hautulii. Mwanga hauji mfululizo, unakuja kwa mimweko, unapiga, unatoka, unapiga tena. Jicho halipati nafasi ya kuuzoea.

Baba Sabri, 20:29
Nimekufahamu. Lakini si wanasema ndege za siku hizi zinajiendesha? Rubani hata asipoona, mitambo inaona.

Mzee Suleiman, 20:38
Wanasema hivyo kwa sababu hawajui dakika mbili za mwisho zikoje. Huko juu angani, kweli, mitambo inafanya kazi kubwa. Kutua ni jambo jengine. Mara nyingi rubani anaishusha ndege kwa mkono wake, na macho yake yako nje, yanaitafuta njia ya kurukia.

Usiku anatizama taa. Kando ya njia kwenye viwanja vingi vya ndege kuna taa nne zimepangwa mstari mmoja. Akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu, yuko kwenye mteremko wake. Nyeupe zikizidi, yuko juu mno. Akiona zote nne nyekundu, yuko chini mno, na hapo chini ndipo zilipo nyumba zetu. Sasa mtoto amempiga kijani machoni. Hata leza ikizimwa, doa linabaki mbele ya jicho, kila anapotizama doa liko pale pale, juu ya zile taa nne. Atazisoma vipi?

Mwendo nao uangalieni. Ndege ya jeti inakuja kutua kwa kasi ya kilomita 250 kwa saa hivi, yaani karibu mita 70 kila sekunde. Sekunde tano za kufifia macho, imeshakwenda mita 350. Na ikiwa imebakisha kilomita moja kufika njiani, iko juu ya ardhi mita 50 tu. Hayo ndiyo mapaa yetu, jamani. Hapa mtaani hakuna ndege inayopita ikiwa imepumzika. Ya kushuka iko kwenye shughuli yake nzito kuliko zote, na ya kupaa hali kadhalika.

Bi Zuwena, 20:40
La ilaha illa Llah. Na wale watu mia na zaidi wamekaa nyuma hawajui chochote.

Mzee Suleiman, 20:43
Hawajui. Na jicho la rubani likishazoea giza, kisha likapigwa mwanga mkali, linaweza kuhitaji dakika 20 au 30 kurudi kuona vizuri gizani. Ndege haina dakika hizo.

Ndege kubwa angalau ina marubani wawili, mmoja akipofuka mwenzake anashika. Zile ndogo za Caravan zinazokwenda Pemba na bara zinaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja. Mara nyingi zinarudi jioni, jua linazama, na watoto ndio kwanza wanapanda madarini.

Juma (Milton Keynes), 20:47
Assalamu alaykum wote. Mzee Suleiman Mungu akuweke. Huku Uingereza jambo hili hawalifanyii mzaha hata kidogo. Mwaka 2018 ilitungwa sheria yake mahsusi, ukimulika leza chombo cha usafiri ukamsumbua anayekiendesha, ni mpaka miaka 5 jela. Hawana haja ya kuthibitisha kwamba ulikusudia kumdhuru. Marekani vile vile miaka 5, na faini yake inafika dola 250,000.

Na kuna tukio linalojulikana sana. Februari 2016 ndege ya Virgin Atlantic iliruka Heathrow kwenda New York. Ilikuwa haijenda mbali, rubani msaidizi alishapigwa leza machoni wakati wa kupaa, akaanza kujihisi vibaya. Rubani wa pili alikuwepo mzima, lakini waliona si salama kuvuka bahari namna ile. Wakageuza, wakarudi London na abiria wote.

Baba Sabri, 20:49
Ndege kubwa namna ile kwa kitu cha mkononi.

Juma (Milton Keynes), 20:51
Ndiyo kaka. Na usidhani ni mara moja moja. Marekani peke yake mwaka 2023 marubani waliripoti matukio 13,304. Ndio maana nikisikia Kiembesamaki pia watoto wanacheza hivyo, moyo unanienda mbio. Mama yangu anasafiri Alkhamis, saa mbili usiku.

Rahma wa Macho, 20:58
Samahanini nilikuwa zamu. Nyote mmeshughulika na rubani, na ni sawa, ila mie nawaonea huruma na hao watoto walioishika. Kwa kawaida leza hii haichomi ngozi ukaona alama, inachoma ndani ya jicho na mara nyingi haiumi. Mtoto anakwambia siku ya tatu kuna kiwingu mbele. Mwaka 2018 madaktari waliandika habari ya mvulana wa miaka 9 huko Ugiriki aliyekuwa akiuchezea mwanga wa leza ya kijani. Jicho la kushoto lilitoboka tundu katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, pale pale pa kusomea na kutambulia sura ya mtu. Retina ikishaungua hatuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa.

Mama Ilham, 20:59
Ya Rabbi. Na wanatupiana usoni hao, nimewaona.

Rahma wa Macho, 21:04
Wakataze kwa nguvu zote. Wala msiridhike na kilichoandikwa kwenye karatasi ya kibandiko. Salama kwa kawaida ni chini ya miliwati moja (kipimo cha nguvu ya mwanga), kwa sababu hapo mtu anapepesa jicho kabla halijadhurika. Hizi za kiwanja cha sikukuu zinaandikwa chini ya miliwati 5, lakini mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilizipima kalamu 122 za namna hii, na katika za kijani karibu asilimia 90 hazikutimiza sharti la usalama. Nyekundu asilimia 44. Za kijani za bei rahisi zina ubaya mwengine pia, zinatoa na miale ya infraredi ambayo jicho haliioni, kwa hiyo hata halipepesi.

Bi Zuwena, 21:07
Mzee, na wale vijana wanaotuonesha mwezi mwandamo kwa leza pale ufukweni? Hao hawamulikii ndege, wanaonesha mbinguni tu.

Mzee Suleiman, 21:13
Bi Zuwena umeuliza jambo la maana. Nao waache kutumia leza. Mwanga ule hausimami kwenye mwezi, unakwenda mbele kwa kilomita nyingi, na Magharibi ndiyo saa ndege zinaporudi. Mtu anayetizama mwezi hatizami nyuma yake kuna nini angani. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka duara la kilomita 18 na nusu kuzunguka uwanja ambamo mwanga wa leza unatakiwa udhibitiwe usimsumbue rubani. Pimeni wenyewe kutoka hapa uwanjani. Mji Mkongwe wote umo, Fuoni imo, mpaka Fumba imo. Mwezi unaoneshwa kwa kidole, wazee wetu walituonesha hivyo na tukauona.

Baba Sabri, 21:15
Sabri amerudi. Ana mbili, yake na ya binamu yake. Nimezitoa betri. Anasema wako sita, na wakubwa wawili wamebaki juu.

Mama Ilham, 21:16
Wakubwa akina nani?

Baba Sabri, 21:18
Mmoja wa duka la mkaa. Wa pili hamjui jina, ni mgeni amekuja kwao kwa sikukuu.

Mzee Suleiman, 21:20
Hao wakubwa waambieni na hili. Kutoka juu, mwale wa kijani usiku ni mstari ulionyooka, na mwanzo wa mstari ni dari waliyosimama. Rubani anaipa mnara habari pale pale, ndege ya nyuma yake inaambiwa, na nyumba inajulikana. Wasidhani giza limewaficha.

Sheha (kiongozi wa shehia yetu), 21:24
Assalamu alaykum. Nimesoma yote. Kesho asubuhi nitakwenda kwa mwenye jengo afunge ngazi, maana hata bila leza dari lile halina ukuta na mtoto anaweza kuanguka. Wauzaji wa kiwanja cha sikukuu hawako shehia yangu, lakini nitazungumza na masheha wenzangu wa mjini kabla ya sikukuu ijayo. Hapa mtaani duka lolote lenye leza nitalifikia mwenyewe. Mzee Suleiman, utaweza kuzungumza na watoto wa madrasa?

Mzee Suleiman, 21:26
Jumamosi baada ya Alasiri, inshaallah. Nataka niwachoree zile taa nne. Wakijua rubani anatizama nini, wataelewa wenyewe, watoto wetu wana akili. Maneno ya kutishana tuyapunguze, tusiwafanye wakajificha nazo.

Rahma wa Macho, 21:27
Nitakuja na mimi. Aliyepigwa machoni, hata mara moja, mzazi anitumie ujumbe pembeni leo leo. Msiwatie dawa yoyote ya dukani.

Bi Zuwena, 21:29
Wajukuu zangu nimeshawapekua. Moja nyekundu, imo kabatini.

Mama Ilham, 21:31
Wale wawili bado wako juu, nimeona mwanga sasa hivi. Mama wa duka la mkaa hayumo humu kikundini. Ndege ya saa nne haijafika bado, nakwenda kumgongea.

Baba Sabri, 21:31
Ngoja, nakuja nawe. Nishatoka mlangoni.