GPA 3.5 ya shule imegeuka 2.97 siku ya HOPE! Wazazi wenzangu wa Georgia, tunachezewa akili

Wakuu, mniwie radhi, leo nina povu. Nimetoka shifti ya usiku, sijalala, chai imepoa hapa mezani na sina hata hamu nayo.

Mwanangu wa kwanza kamaliza haiskuli mwaka huu, huku jirani na Atlanta. Kila ripoti iliyoingia ndani ya nyumba hii ilisema GPA, yaani wastani wa alama, 3.4, 3.5, ya mwisho 3.5 kamili. Mshauri wa wanafunzi pale shuleni nilimuuliza mara mbili, mara ya pili kwa barua pepe ili niwe na ushahidi: ufadhili wa HOPE ataupata? Akajibu nisiwe na wasiwasi, kijana kavuka 3.0 kwa mbali. Basi nikatulia. Nikawapigia mpaka ndugu Tabora kuwaambia mtoto anasomeshwa na jimbo.

Wiki iliyopita tumefungua akaunti yake kwenye tovuti ya ufadhili ya jimbo, HOPE GPA inasoma 2.97.

Kwa msioijua: HOPE ni ufadhili wa jimbo la Georgia, upo tangu 1993, na pesa zake zinatoka kwenye bahati nasibu ya jimbo. Ukimaliza haiskuli na 3.0 unasaidiwa ada kwenye vyuo vya humu humu Georgia. (Sisi wenyewe tulikuja kwa bahati nasibu ya green card, nikadhani bahati nasibu na familia yetu tunaelewana.) Kuna na kakaye mkubwa, Zell Miller, anayetaka 3.7 pamoja na alama za mtihani wa kuingia chuo, SAT au ACT, huyo sikuwahi hata kumwota. Mimi nilitaka 3.0 tu.

Nikapiga simu shule. Na sasa hivi mshauri anajua kila kitu! Ananieleza taratibu, kama anaongea na mtoto, kwamba GPA ya shule na GPA ya HOPE ni vitu viwili tofauti, HOPE inapigwa hesabu upya na jimbo. Nikamuuliza, hilo ulilijua lini? Akasema ni utaratibu wa siku zote. Sasa kama ni wa siku zote, mimi nilipokuandikia mwezi wa kumi ulikuwa unajibu swali la nani?

Nikaitandika transkripti mezani, nikachukua kalamu nyekundu ya mdogo wake.

HOPE wanahesabu Kiingereza, hisabati, sayansi, masomo ya jamii na lugha ya kigeni. Basi. Kwaya, mapishi, michezo, gwaride la JROTC (mafunzo ya kijeshi ya shuleni), yote nje. Mwanangu alikuwa na A saba huko. A saba zimeliwa kabla sijageuza ukurasa. Wakati anachagua masomo hayo, huyo huyo mshauri alimwambia "yatakupandishia GPA". Ni kweli yalipandisha, ile ya kuonyesha wageni.

Halafu zile nyongeza. Shule yao inaongeza alama 5 kwa somo la honors (la ngazi ya juu kidogo) na 10 kwa AP (la kiwango cha chuo). Kwa hiyo historia ya AP aliyopata 84, kwenye ripoti ilikuja 94, A, tukapika na pilau. HOPE wanazivua zote hizo. AP wanairudishia nusu pointi, kwa hiyo B yake inakuwa 3.5. Honors hairudishiwi kitu. Kiingereza cha honors nilichodhani ni A kumbe ni 86, B tupu kama B za watu wote.

Na wastani wenyewe hauchukui alama, unachukua herufi. Kuanzia 90 ni A, pointi 4. Kuanzia 80 ni B, pointi 3. Maana yake 89 na 80 ni mapacha. Mwanangu ana 89 ya kemia. Naikumbuka vizuri hiyo 89, maana ripoti moja ya maabara aliipeleka kesho yake, mwalimu akamkata. Usiku ule nilikuwa nimeongezewa shifti, yeye akabaki na mdogo wake mwenye homa.

Lakini iliyoniua ni Algebra ya darasa la tisa.

Alifika huku ana miaka 14, katoka darasa la Kiswahili. Hesabu kazijua kama sehemu, kipeo, mlinganyo. Anaweza kulitatua swali, ila hajui linauliza nini. Alipata 67, na chini ya 70 ni F. Akairudia, akapata B. Shule kwenye wastani wao wakaihesabu ile B peke yake, nami nikajua yameisha. HOPE wanahesabu kila ulipojaribu, ya kwanza na ya kurudia. Na 67 kwao haiwi 67, inakuwa sifuri. Sawasawa na mtoto ambaye hakuwahi kukanyaga darasani.

Haya, pigeni wenyewe. Majaribio 18. A nne ni 16. B kumi na moja ni 33. C mbili ni 4. F ni 0. Ongeza ile nusu ya AP. Jumla 53.5, gawa kwa 18, inakuja 2.97. Nimegawa mara tatu, mara ya mwisho kwa mkono. Ile kemia ingekuwa 90 badala ya 89, ingekuwa 54.5, na 54.5 kwa 18 ni 3.03. Alama moja, wakuu. Ripoti moja ya maabara.

Mimi nimesoma kwa NECTA. Tulilia sana na ule mtihani wa mwisho, miaka minne inapimwa kwa siku chache. Lakini angalau ulijua matokeo ni yale yanayobandikwa, division yako ni hiyo hiyo, mwalimu mkuu hana ya kwake kabatini. Huku nimepewa karatasi rasmi yenye namba isiyofanya kazi mahali ninapoihitaji.

Nyongeza: kuna mkuu hapo chini kaandika "si mngeangalia GAfutures", yaani ile tovuti ya ufadhili ya jimbo. Ahsante, mkuu. Ni kweli, HOPE GPA ya mtoto inaonekana kwenye akaunti yake ya GAfutures kabla hajamaliza shule. Mimi nimeambiwa kuna kitu kinaitwa hivyo wiki iliyopita. Wenye watoto darasa la tisa fungueni leo, na ukiona somo la msingi limekaa 88 au 89, nenda kwa mwalimu muhula haujafungwa.

Na anayeuliza kama mlango umefungwa kabisa: haujafungwa. Akianza chuo kwa pesa yetu na akafika saa 30 za muhula (krediti za masomo) akiwa na 3.0 ya chuoni, anaweza kuingia HOPE hapo. Tena kuna HOPE Grant ya vyuo vya ufundi, kwa cheti na diploma, hiyo haiulizi GPA ya haiskuli. Lakini hizo saa 30 ni mwaka mzima wa ada, na mimi ndiye niko kwenye nyumba ya wazee nageuza watu vitandani saa nane usiku.

Jana kanikuta na ile karatasi, imejaa wino mwekundu. Kasimama mlangoni, kasema, "Mama, nisamehe kwa ile Algebra." Nimeshindwa kumjibu, nimemwambia akale.

Swali langu kwa wenye uzoefu: kuna aliyewahi kuirudisha shule mezani wakapitia upya alama ya somo baada ya mtoto kuhitimu, ikakubalika mpaka jimboni? Barua pepe ya mshauri ninayo, tarehe ipo, jina lipo. Naombeni mnielekeze naanzia ofisi gani Jumatatu.