Nimeongeza chakula cha ziada, mbona maziwa yamekuwa mepesi?

Mfugaji Chipukizi:
Habari zenu wafugaji wenzangu. Naomba ushauri juu ya ng'ombe wangu anayekamuliwa, ambaye kwa kukadiria ana uzito wa kilo 450. Kwa siku hupewa takribani kilo 40 za mabingobingo mabichi (majani marefu ya malisho), ambayo mashine huyakata vipande vidogo mno, pamoja na mchanganyiko wa mahindi ya kuparaza, pumba na mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Nilipoupandisha mchanganyiko huo hadi kilo 8, nusu asubuhi na nusu jioni wakati wa kukamua, maziwa yaliongezeka kwa muda mfupi kisha yakarudi yalipokuwa, na wanunuzi wanalalamika kwamba yamekuwa mepesi. Kinyesi kimelainika, kina mapovu, na chembe za mahindi zinaonekana humo. Wapo wanaoniambia niongeze mashudu kwa hoja kwamba protini ndiyo iliyopungua. Je, ni kweli, au tatizo liko kwingine?

Mganga wa Mifugo:
Ndugu yangu, kwa dalili hizo usikimbilie mashudu. Chakula unachomwekea ng'ombe horini huliwa kwanza na bakteria, protozoa na kuvu wanaoishi katika tumbo lake la kwanza, yaani rumeni. Hao ndio wanaovunja nyuzinyuzi na wanga na kutoa asidi ambazo mnyama huzifyonza kupitia ukuta wa tumbo hilo, na asidi hizo humpatia karibu asilimia 70 ya nishati yake. Asidi ya asetiki, itokanayo zaidi na nyuzinyuzi, ni malighafi kuu ya mafuta ya maziwa. Asidi ya propioniki, itokanayo zaidi na wanga, hugeuzwa sukari ndani ya ini, na sukari hiyo ndiyo inayosukuma wingi wa maziwa. Wanga ukiingia mwingi kwa mkupuo mmoja, asidi huzalishwa haraka kuliko inavyofyonzwa, pH ya rumeni (kipimo cha uasidi, ambacho hupungua asidi inapozidi) hushuka chini ya 5.8, na bakteria wa nyuzinyuzi, ambao hustawi pH ikiwa kati ya 6 na 6.8, hudhoofika. Matokeo yake ni maziwa mepesi na kinyesi cha namna uliyoieleza. Hali hiyo ikiachwa iendelee, kwato nazo huanza kuuma na mnyama akachechemea.

Tazama hesabu yako. Kilo 40 za majani mabichi ambayo asilimia 80 yake ni maji hubaki kilo 8 tu ukiyatoa maji hayo, ilhali kilo 8 za mchanganyiko, ambao ni mkavu tangu mwanzo, ni kama kilo 7. Hivyo karibu nusu ya mlo ni chakula cha ziada, na kwa kuwa mnyama hubakiza mashina, huenda kimevuka nusu. Kishushe hadi kilo 5, kigawe mara 3 kwa siku, na majani yatangulie.

Mkamuaji wa Siku Nyingi:
Naafikiana na hesabu ya mganga, ila mimi ningeanzia kwenye mashine. Ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, na mate hayo yana baikaboneti inayotuliza asidi ya rumeni. Lakini hutiririka kwa wingi anapotafuna na kucheua, na majani yaliyosagika hayamlazimishi kucheua. Rekebisha visu ili vipande viwe na urefu wa sentimita 3 hadi 5. Kisha mwendee akiwa amelala ametulia baada ya kula, umtazame shingoni: tonge likipanda, hesabu mitafuno mpaka alimeze tena. Ikifika 50 hadi 70, nyuzinyuzi zinatosha. Ikiwa chini ya 40, unajua pa kuanzia. Chukua pia konzi ya kinyesi, ukioshe kwenye chujio chini ya maji, uone kinachobaki. Ukikuta chembe nzima na nyuzi ndefu, chakula chako kinapita tu.

Na hayo mabingobingo yavunwe yakiwa na urefu wa mita 1 hivi. Yakikomaa na kuwa mti, protini yake huweza kushuka chini ya asilimia 7, na hapo bakteria hukosa naitrojeni ya kuzaliana. Hapo ndipo hoja ya mashudu ingekuwa na uzito.

Mfugaji Chipukizi:
Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Nikipunguza chakula cha ziada, pengo nilizibe kwa nini? Nina lukina, ule mti wa malisho wa jamii ya mikunde, imejiotea mpakani, na nimesikia habari za yurea, ile mbolea yenye naitrojeni, kutumika katika lishe. Tena, ni kweli kwamba lishe inaweza kupunguza gesi inayotolewa na ng'ombe?

Mama Malisho:
Mwanangu, lukina ni hazina, mradi isizidi theluthi ya mlo. Ina sumu iitwayo mimosini, ambayo ikizidi hunyonyoa manyoya na kuvuruga tezi ya shingo. Wapo wanyama ambao rumeni zao zina bakteria wa kuivunja. Waligunduliwa katika mbuzi wa Hawaii, wakapelekwa Australia na kupandikizwa katika ng'ombe wa huko. Usipojua kama wako anao, anza na kidogo.

Yurea ningeiacha kabisa kwa sasa, kwa kuwa una majani mabichi. Kazi yake nzuri ni kulainisha mabua makavu: kilo 4 huyeyushwa katika maji, hunyunyiziwa kilo 100 za mabua, na rundo hufunikwa lisipitishe hewa kwa wiki 3. Kamwe isitiwe katika maji ya kunywa wala isipewe ndama ambaye bado hajaanza kucheua, maana huua kwa muda mfupi.

Kuhusu gesi, methani hutengenezwa na vijidudu vya rumeni kutokana na haidrojeni inayobaki wakati wa uchachuaji, na kwa njia hiyo ng'ombe hupoteza asilimia 2 hadi 12 ya nishati ya chakula chake. Kwa hiyo ni hasara yako pia. Upo mwani mwekundu uitwao Asparagopsis unaoipunguza sana, lakini kwa mfugaji wa kawaida hatua ya kwanza ni majani machanga yenye mikunde, kwa sababu gesi kwa kila lita ya maziwa hupungua maziwa yanapoongezeka.

Mganga wa Mifugo:
Niongeze jambo moja. Mafuta ya maziwa hayarudi kesho yake. Mpe wiki 2 hadi 3 kabla ya kubadilisha kingine chochote, na maji safi yawepo muda wote. Akiacha kula au kucheua katika kipindi hicho, mwite mtaalamu siku hiyo hiyo.