Tulitangulia kumpata jaji mwanamke, mbona Jaji Mkuu mwanamke bado?

Mwanasheria Mtarajiwa (Mwanza)

Habari za leo, wanajukwaa. Ninaandika utafiti wa mwaka wa mwisho wa shahada ya sheria kuhusu majaji wanawake wa Afrika Mashariki, na kuna jambo ambalo sijapata jibu lake la kuniridhisha. Tanzania ilimpata jaji mwanamke wa kwanza wa Mahakama Kuu mwaka 1973, alipoteuliwa Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Kenya ilisubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo Effie Owuor akakalia kiti kama hicho. Kwa hesabu hiyo tuliwatangulia wenzetu kwa karibu muongo mzima. Hata hivyo, tarehe 21 Mei 2021 Martha Koome aliapishwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, na Rwanda ilikuwa imekwisha kumkabidhi Aloysia Cyanzayire uongozi wa Mahakama ya Juu tangu mwaka 2003. Kwetu, kuanzia Augustine Saidi, wakafuata Francis Nyalali, Barnabas Samatta, Augustino Ramadhani, Mohamed Chande Othman, Ibrahim Juma na sasa George Masaju aliyeapishwa mwaka 2025, Majaji Wakuu wote ni wanaume.

Siwezi kuamini kwamba wanawake wenye sifa hawakuwapo. Jaji Eusebia Munuo alifika Mahakama ya Rufani, na heshima yake ilivuka mipaka hadi akachaguliwa kuwa rais wa Chama cha Kimataifa cha Majaji Wanawake. Naomba wenye uzoefu wanisaidie: kikwazo ni maandishi ya Katiba, ni utaratibu wa uteuzi, au ni mazingira ya kazi huku chini ambako majaji wanaanzia?

Wakili wa Milimani (Nairobi)

Dada, hongera kwa kuchagua mada yenye uzito. Nitajibu upande wa Kenya, kwa sababu nadhani jibu la sehemu kubwa ya swali lako limo katika Katiba yetu ya 2010 kuliko katika tabia ya Wakenya, ambayo haikubadilika usiku mmoja.

Kabla ya 2010 Rais alimteua Jaji Mkuu mwenyewe, na wananchi walipata habari redioni jambo likiwa limekwisha. Sasa nafasi hutangazwa, mtu yeyote mwenye sifa huomba, na Tume ya Huduma za Mahakama huwahoji waombaji hadharani kisha ikampelekea Rais jina. Rais humteua mtu huyo baada ya Bunge la Taifa kumwidhinisha. Tume yenyewe imeundwa kwa namna ambayo haiwezi kuwa ya wanaume watupu: Katiba inataka mwakilishi mmoja wa majaji wa Mahakama Kuu na mmoja wa mahakimu, mmoja wao awe mwanamke na mwingine mwanamume, na inataka vivyo hivyo kwa mawakili wawili na kwa wawakilishi wawili wa umma. Aidha, Tume imeagizwa izingatie usawa wa kijinsia katika kazi zake.

Utaratibu huo niliuona ukifanya kazi Aprili 2021. Waombaji kumi walioorodheshwa walihojiwa mmoja mmoja, na mahojiano yakarushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Miongoni mwao alikuwamo wakili mkuu Fred Ngatia, aliyemwakilisha Rais Kenyatta katika kesi ya uchaguzi wa 2017, na watu wengi niliozungumza nao walidhani kiti ni chake. Jaji Koome alikuja na historia ya miaka mingi ya uwakili wa haki za binadamu na uongozi wa FIDA-Kenya, yaani chama cha wanasheria wanawake, akiwa jaji wa Mahakama Kuu tangu 2003 na wa Mahakama ya Rufaa tangu 2012. Mtu aliyefuatilia mahojiano yale alisikia maswali kuhusu hukumu zake, mrundikano wa kesi na uhuru wa Mahakama mbele ya Serikali, akasikia na majibu yake. Jina lake lilipotangazwa, hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba ameokotwa.

Kuna jambo la pili ambalo mara nyingi husahaulika. Kiti cha Naibu Jaji Mkuu kimekaliwa na wanawake tangu 2011: Nancy Baraza, ambaye alijiuzulu mwaka uliofuata, kisha Kalpana Rawal, kisha Philomena Mwilu kuanzia 2016. Kwa hiyo kufikia 2021 nchi ilikuwa imezoea kumwona mwanamke katika ngazi ya pili ya Mahakama, tena katika vipindi vigumu. Koome alipoapishwa, Mahakama ya Juu yenye majaji saba ilikuwa na wanawake watatu, wa tatu akiwa Njoki Ndung'u. Linganisha na Bunge letu, ambalo lilishindwa kutunga sheria ya theluthi mbili, yaani ya kuhakikisha jinsia moja haizidi theluthi mbili ya wabunge, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais, Septemba 2020, alivunje.

Mama Hakimu (Mtwara)

Mwanangu, mimi ni hakimu mkazi mstaafu, na niruhusu nijibu upande wa Tanzania kwa kuanzia chini, kwa kuwa Jaji Mkuu hashuki kutoka mawinguni.

Wakili wa Nairobi amesema kweli kuhusu utaratibu. Kwetu ibara ya 118 inampa Rais mamlaka ya kumteua Jaji Mkuu miongoni mwa watu wenye sifa za kuwa majaji wa Rufani, na ibara ya 109 inamtaka ashauriane na Tume ya Utumishi wa Mahakama anapoteua majaji wa Mahakama Kuu. Hakuna tangazo la nafasi wala mahojiano ya hadharani, na wajumbe wa Tume wenyewe hawajawekewa sharti lolote la jinsia. Sisemi kwamba waliowahi kuteuliwa hawakustahili. Ninachosema ni kwamba katika utaratibu wa namna hiyo hufikiriwa kwanza anayefahamika kwa mteuzi, na wanawake wengi walio mahakimu wa wilayani hawafahamiki huko.

Sasa tazama umri. Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60, na wa Rufani akiwa na 65, ingawa Rais anaweza kumwongezea muda. Hakimu mwanamke akichelewa kuteuliwa kuwa jaji, tuseme anaingia akiwa na miaka 53, amebakiwa na miaka saba tu ya kuonekana, kuandika hukumu zitakazosomwa na kupanda Rufani. Na wengi wetu tunachelewa. Nilipokuwa hakimu katika wilaya moja ya kusini, barua ya uhamisho ilinifikia nikiwa na mtoto mchanga mgongoni na mwingine darasa la pili, ikinitaka niripoti kituo kipya ndani ya wiki mbili, mahali ambako nyumba ya hakimu haikuwa na mlango wa nyuma. Mwenzangu mmoja hodari kuliko mimi aliomba abaki kwa sababu ya ndoa, akabaki, na tangu siku ile katika jalada lake alihesabika kuwa mtu asiyehamishika. Aliandika hukumu safi kwa miaka yote iliyofuata, akastaafu katika cheo kilekile.

Ukitaka utafiti wako uwe na mashiko, usiishie kuhesabu majaji wanawake. Tafuta kila mmoja aliteuliwa akiwa na umri gani na alitokea wapi: kwenye uhakimu, chuo kikuu, uwakili au ofisi za Serikali. Jaji Mkuu wa sasa aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, jambo linaloonyesha kwamba kiti hicho hakifikiwi kwa kupanda ngazi za mahakama peke yake.

Mzee wa Kashozi (Bukoba)

Nimesoma kwa makini, na nawaheshimu wote waliochangia. Naomba niulize swali ambalo wengine huenda wanaliogopa: haki ya mwanamke inahitaji kweli jaji mwanamke? Huku kwetu Kagera tunaikumbuka kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory ya mwaka 1990. Bibi Holaria alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, na mpwa wake akaenda mahakamani kwa hoja kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ilimpa ushindi mpwa. Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ilisema kwamba mila hiyo inakiuka usawa uliomo katika Katiba na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Jaji huyo alikuwa mwanamume. Jaji Mkuu Nyalali, naye mwanamume, aliongoza uamuzi wa Rufani wa 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, uliotambua kazi za nyumbani za mke kuwa mchango katika mali ya ndoa. Tuombe majaji wenye hekima na uadilifu, wawe wa jinsia yoyote.

Mwanasheria Mtarajiwa (Mwanza)

Shikamoo mzee. Hukumu hizo mbili ndizo zilizonifanya niipende sheria, na sina nia ya kuwapunguzia heshima walioziandika. Hata hivyo, kabla ya uamuzi wa Bi Hawa, majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika, baadhi yao wakishikilia kwamba kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu usiohesabika katika mgawanyo wa mali. Mke aliyepangiwa jaji wa upande huo alitoka mikono mitupu kwa bahati mbaya ya kupangiwa jaji. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufani yake, kwa kuwa Mahakama iliona kwamba alikwisha kupewa fedha na mumewe akazitumia vibaya. Kanuni ikabaki kwa ajili ya wanawake waliokuja baada yake.

Mfano wangu wa upande wa pili ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ina kifungu kinachoikataza, lakini ni Chama cha Majaji Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 2000, kilichojitokeza kulisema jambo hilo waziwazi na kuwafundisha mahakimu namna ya kulishughulikia. Nadhani hilo liliwezekana kwa sababu majaji hao walikuwa wameyasikia malalamiko hayo kwa miaka mingi kutoka kwa watu ambao wasingethubutu kuyapeleka kwa mwanamume.

Mzee wa Kashozi (Bukoba)

Marahaba, mwanangu. Hoja ya bahati ya kupangiwa jaji nimeipokea, na sikuwa nimeifikiria kwa namna hiyo. Bado nasisitiza kwamba mwanamke atakayeteuliwa asiteuliwe ili kujaza hesabu, kwa sababu siku atakapotoa uamuzi mgumu, wapinzani wake wataanzia hapo.

Wakili wa Milimani (Nairobi)

Mzee, hofu yako ina msingi, na ndiyo maana nayatetea mahojiano ya hadharani kwa nguvu zote. Tarehe 5 Septemba 2022 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Koome ilitupilia mbali kesi za kupinga uchaguzi wa Rais kwa uamuzi wa majaji wote saba. Lawama zilikuwa kali, na baadhi zilihusu lugha ya hukumu yenyewe, lakini waliolaumu walishindana na hoja zake. Sikumsikia mtu makini akidai kwamba hakuwa na sifa za kukaa pale, kwa kuwa sifa hizo nchi nzima ilikuwa imeziona zikipimwa.

Mama Hakimu (Mtwara)

Mwanangu, ukifika sehemu ya mapendekezo, weka mambo mawili tu: nafasi za ujaji zitangazwe, na umri wa kustaafu wa jaji wa Mahakama Kuu ulinganishwe na ule wa Rufani. Yote mawili yanahitaji marekebisho ya sheria ambayo mtu yeyote anaweza kuyaeleza kwa ukurasa mmoja. Kuhusu uhamisho, nitakutafutia mahakimu wastaafu watakaokubali kuzungumza nawe, kwa sharti kwamba usiandike majina yao wala vituo walivyofanyia kazi.