MREJESHO: Intaneti kukatika nyumbani, tatizo lilikuwa kichwa cha waya

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita niliomba msaada hapa: niko Kisasa, Dodoma, intaneti ya nyumbani inakatika katika, na ikirudi inakuwa nzito. Nilikuwa nimeshatenga hela ya ruta mpya (kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani). Mkuu uliyeniambia nianze na nyaya, Mungu akubariki.

Usiku ule ule nilivuta meza ya TV. Waya unaotoka kwenye boksi la faiba (linaloleta intaneti ndani) kwenda kwenye ruta, kile kiulimi cha plastiki cha kichwani kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo haubani tena. Ukiugusa kidogo tu, taa ya kijani inazima. Tundu lenyewe limejaa vumbi. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi mnaujua, hata ufunge madirisha yote.

Kuhusu uzito: waya huo una nyuzi 8, na kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde inazihitaji zote. Uzi mmoja usipogusa vizuri, vifaa vinaweza kushuka hadi 100, ambayo inatosheka na nyuzi 4. Ndicho nilichokuta kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta: 100.

Fundi wa Majengo alikata kichwa kile, akabana kipya. Nilisafisha tundu kwa brashi kavu umeme ukiwa umezimwa. Sasa inasoma 1,000, na leo ni siku ya sita haijakatika. Binti yangu amemaliza kujaza maombi ya chuo kwa mkao mmoja. Hilo ndilo lilikuwa linaniumiza zaidi. Asanteni sana.